Godfrey Cambridge: Mchekeshaji aliyefariki akiigiza nafasi ya Idi Amin

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

JUMATATU ya Novemba 29, 1976, katika studio za Warner Bros mjini Burbank, California, mwigizaji mmoja wa Kimarekani alianguka ghafla na kufariki dunia kwa maradhi ya moyo. Alikuwa kazini, akiigiza nafasi ya Rais wa Uganda wa wakati huo, Idi Amin Dada. Jina lake ni Godfrey Cambridge, na alikuwa na umri wa miaka 43.

Siku 14 tu baada ya kifo hicho, sinema aliyokuwa akiitengeneza ilionyeshwa kwenye televisheni nchini Marekani, nafasi yake ikiwa imeshachukuliwa na mtu mwingine. Sinema hiyo inaitwa Victory at Entebbe. Ni sinema ya kusisimua iliyotengenezwa kwa haraka na kwa gharama ndogo, ikajazwa majina makubwa, kisha ikasahaulika. Leo ni wachache wanaoikumbuka, na walio wachache zaidi ni wanaomkumbuka Cambridge.

Kwa wasomaji wa Mbeya na Iringa, kama walivyo Watanzania wengine waliofikia umri wa kukumbuka, Amin si mhusika wa sinema. Ni mtu ambaye majeshi yake yalivamia Kagera Oktoba 1978, na kwa sababu hiyo vijana kutoka kila pembe ya nchi, Nyanda za Juu Kusini ikiwamo, walivaa magwanda na kwenda vitani. Wapo waliorejea na wapo ambao hawakurejea. Ndiyo maana inafaa kufahamu jinsi wenzetu wa mbali walivyomgeuza mtu huyo kuwa kitu cha kuuza tiketi na matangazo, na gharama aliyoilipa mmoja wa waliotakiwa kumuigiza.

Alikuwa nani?

Godfrey Cambridge alizaliwa Februari 26, 1933 mjini New York. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Guiana ya Uingereza, nchi ambayo leo inaitwa Guyana. Sehemu ya utoto wake aliitumia Kanada, katika mji wa Sydney jimboni Nova Scotia, alikolelewa na babu na bibi yake. Aliporejea New York alimaliza shule ya sekondari, akajiunga na Chuo cha Hofstra kwa nia ya kusomea udaktari, lakini aliacha masomo baada ya miaka mitatu na kuifuata sanaa ya jukwaani.

Njia yake ya kwanza ya kutambulika ilikuwa tamthilia. Mwaka 1961 aliigiza katika The Blacks, kazi ya mwandishi wa Kifaransa, Jean Genet, iliyochezwa New York na kundi la waigizaji weusi ambao wengi wao baadaye walikuja kuwa watu mashuhuri. Miongoni mwao walikuwamo James Earl Jones, Cicely Tyson, Louis Gossett na mwandishi Maya Angelou. Katika tamthilia hiyo Cambridge alicheza nafasi ya mtu mweusi anayevishwa kinyago cha mwanamke wa Kizungu, na kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Obie, inayotolewa kwa tamthilia za kumbi ndogo za mji huo.

Mwaka huohuo alipanda jukwaa kubwa la Broadway katika tamthilia ya Ossie Davis, Purlie Victorious, na mwaka 1962 akawa miongoni mwa waliopendekezwa kuwania tuzo ya Tony.

Aidha, hakuwa msanii wa kujitenga na harakati za watu wake. Mwaka 1960 yeye na Maya Angelou waliandaa onyesho lililoitwa Cabaret for Freedom, lililokusanya fedha kwa ajili ya taasisi ya Mchungaji Martin Luther King iliyokuwa ikipigania haki za watu weusi wa Marekani.

Kupanda kwa nyota

Uchekeshaji ndio uliomfikisha kwa umma mpana. Mwaka 1964 alialikwa katika kipindi cha televisheni cha Jack Paar, na mwaka huohuo akatoa sahani ya santuri ya vichekesho vyake. Wakati huo Marekani ilikuwa katikati ya mapambano ya kuondoa ubaguzi wa rangi, na Cambridge alikuwa mmoja wa wachekeshaji weusi wachache, pamoja na Dick Gregory na Bill Cosby, waliosimama mbele ya hadhira ya Wazungu na kuifanya ijicheke yenyewe.

Kilele chake kilikuwa mwaka 1970, pale alipokuwa mhusika mkuu katika sinema mbili kwa mkupuo. Ya kwanza, Cotton Comes to Harlem, iliongozwa na Ossie Davis kutokana na riwaya ya Chester Himes. Humo Cambridge na mwenzake Raymond St. Jacques waliigiza wapelelezi wawili weusi wa mtaa wa Harlem. Sinema hiyo huhesabiwa miongoni mwa zile zilizofungua mlango wa wimbi la sinema za watu weusi la miaka ya 1970.

Ya pili ni Watermelon Man, iliyoongozwa na Melvin Van Peebles. Inasimulia habari za Mzungu mbaguzi, muuzaji wa bima, ambaye anaamka usiku na kukuta ngozi yake imegeuka kuwa nyeusi. Kampuni iliyotoa fedha ilifikiria kumtumia Mzungu atakayepakwa rangi nyeusi. Van Peebles alikataa, akashikilia kuwa mtu mweusi apakwe rangi nyeupe kwa sehemu ya mwanzo, na mtu huyo akawa Cambridge.

Kuchuja

Baada ya hapo mambo yalibadilika. Mwaka 1972 alirejea na St. Jacques katika mwendelezo wa hadithi ya wapelelezi wa Harlem, Come Back, Charleston Blue, lakini baada ya hiyo nafasi za mhusika mkuu ziliadimika. Kufikia mwaka 1975 alikuwa akionekana katika nafasi ndogo ndani ya sinema zilizobebwa na wengine, kama vile Friday Foster, ambayo nyota wake alikuwa Pam Grier.

Vilevile, Cambridge alikuwa amehangaika kwa miaka mingi na uzito wa mwili. Kuna nyakati alipunguza makumi ya kilo, kisha uzito ukarudi. Kwa mtu wa namna hiyo, mwaliko wa kumuigiza kiongozi aliyekuwa akizungumzwa na dunia nzima ulikuwa fursa ya kurudi mbele ya macho ya mamilioni ya watazamaji.

Kilichotokea Entebbe

Hadithi iliyotakiwa kuigizwa ilikuwa bado mbichi. Jumapili ya Juni 27, 1976, ndege ya Shirika la Ndege la Ufaransa iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa nyara mara baada ya kuondoka Athens. Ilikuwa na abiria 248 na wafanyakazi 12. Watekaji walikuwa wanne: wawili kutoka kundi lililojitenga na chama cha ukombozi wa Palestina cha PFLP, na wawili Wajerumani, Wilfried Böse na Brigitte Kuhlmann. Ndege ilipitia Benghazi, Libya, na Juni 28 ikatua Entebbe, ambako watekaji waliongezewa nguvu na wenzao huku serikali ya Amin ikiwapa hifadhi.

Abiria wengi wasiokuwa Waisraeli waliachiwa kwa makundi mawili. Rubani Michel Bacos na wenzake walikataa kuondoka na kuwaacha abiria waliobaki. Usiku wa kuamkia Julai 4, ndege nne za Israel aina ya Hercules zilitua Entebbe baada ya safari ya takriban kilomita 4,000. Makomandoo waliwaokoa mateka 102. Mateka watatu waliuawa katika mapigano hayo, pamoja na kamanda wa kikosi cha uvamizi, Luteni Kanali Yonatan Netanyahu. Watekaji wote waliokuwapo waliuawa, na askari wa Uganda wapatao 45 walipoteza maisha.

Wakati mgogoro huo ukiendelea, Amin alikwenda Mauritius kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), ambako alikuwa akikabidhi uenyekiti alioupata mwaka 1975 katika mkutano wa Kampala. Tanzania iliususia mkutano huo wa Kampala.

Mbio za televisheni

Habari za Entebbe zilipoenea, watengenezaji wa sinema walianza mbio. Mtandao wa televisheni wa ABC ulimpa kazi mtayarishaji David Wolper, na uongozaji ukaenda kwa Marvin Chomsky. Wapinzani wao wa NBC walikuwa na sinema yao, Raid on Entebbe, na huko Israel Menahem Golan alikuwa akitayarisha ya kwake. Aliyewahi ndiye angepata watazamaji wengi.

Ili kuwahi, Wolper na Chomsky waliamua kurekodi kwa kanda za video badala ya mkanda wa filamu, na kazi ikafanyika ndani ya studio za Marekani. Hakuna aliyepanda ndege kwenda Ziwa Victoria. Entebbe ya sinema hiyo ni ya mbao na rangi.

Upungufu huo ulifidiwa kwa majina. Burt Lancaster aliigiza kuwa Shimon Peres, Anthony Hopkins akawa Waziri Mkuu Yitzhak Rabin, na Richard Dreyfuss akawa Yonatan Netanyahu. Elizabeth Taylor na Kirk Douglas waliigiza wazazi wa binti aliyetekwa, nafasi iliyochezwa na Linda Blair, yule msichana wa The Exorcist. Helen Hayes, mwigizaji mkongwe aliyekuwa na umri wa miaka 76, naye alikuwamo. Wengi wa wakongwe hao walikuwa wamevuka kilele cha umaarufu wao, na kila mmoja alipewa dakika chache za kuonekana.

Amin alihitaji mtu mwenye umbo kubwa, sauti ya mamlaka na uwezo wa kuchekesha na kutisha kwa wakati mmoja, kwani ndivyo Amin mwenyewe alivyokuwa. Nafasi hiyo ikamwangukia Cambridge.

Kifo na kauli ya Kampala

Cambridge hakuimaliza kazi hiyo. Alianguka akiwa studio Novemba 29, na moyo wake haukuamka tena. Habari hiyo ilipomfikia Amin, alikaririwa na vyombo vya habari akieleza kuwa kifo hicho ni adhabu ya Mungu. Hivyo mchekeshaji aliyewahi kumchangia fedha Martin Luther King alijikuta, akiwa marehemu, ametajwa na dikteta wa Kiafrika kama mfano wa mtu aliyelaaniwa.

Watengenezaji hawakusimama. Nafasi hiyo ilikabidhiwa kwa Julius Harris, mwigizaji aliyefahamika kwa kucheza mhalifu mwenye mkono wa chuma katika sinema ya James Bond ya mwaka 1973, Live and Let Die. Desemba 13, 1976 sinema ikaenda hewani, miezi mitano na siku tisa tangu uvamizi wenyewe. Nje ya Marekani ilisambazwa katika kumbi za sinema.

Wahakiki hawakuipokea vizuri, na huko Ulaya ilizua hasira za kisiasa. Januari 1977 lilifanyika jaribio la kuchoma moto ukumbi mmoja mjini Aachen, Ujerumani Magharibi, uliokuwa ukiionyesha. Kwa upande wa Wolper na Chomsky, jina lao halikuharibika. Siku 41 baada ya Victory at Entebbe, ABC ilianza kuonyesha Roots, kazi ambayo Wolper aliisimamia na Chomsky kuongoza baadhi ya sehemu zake. Hiyo ndiyo hadithi ya Kunta Kinte, inayofahamika hadi kwetu.

Walioigiza Amin baada yake

Raid on Entebbe ilionyeshwa na NBC Januari 9, 1977. Humo Amin aliigizwa na Yaphet Kotto, ambaye katika Live and Let Die alikuwa bosi wa mhalifu yule aliyechezwa na Harris. Kwa hiyo, ndani ya wiki nne Wamarekani waliwaona Amin wawili waliotoka katika sinema moja ya Bond. Kifo hakikuwa mbali na kazi hiyo pia. Peter Finch, aliyeigiza kuwa Rabin, alifariki Januari 14, siku tano baada ya sinema kuonyeshwa.

Sinema ya Golan, Operation Thunderbolt, ilitoka mwaka 1977 na kupendekezwa kuwania tuzo ya Oscar kwa sinema za lugha za kigeni.

Mwaka 1981 Sharad Patel alitoa Rise and Fall of Idi Amin, sinema iliyotengenezwa Kenya, ambamo Mkenya Joseph Olita alifanana na Amin kiasi cha kuwashangaza watazamaji. Olita alirudia nafasi hiyo mwaka 1991 katika Mississippi Masala, na hadi anafariki mwaka 2014 alikuwa bado akijulikana kwa sura hiyo. Mwaka 2006 ilitoka The Last King of Scotland, iliyopigwa picha Uganda kwenyewe, na Forest Whitaker akatwaa Oscar kwa kumuigiza Amin.

Hata hivyo, wa kwanza kumuigiza Amin mbele ya kamera alikuwa Amin mwenyewe. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alitengeneza filamu ya kumbukumbu kwa ushirikiano wake kamili. Amin alipobaini kuwa sehemu zake zinachekwa Ulaya, aliwazuia Wafaransa waliokuwa Uganda hadi Schroeder alipokubali kuziondoa. Aliyekuwa akipenda kamera kiasi hicho hakuvumilia kuona mtu mwingine akishika sura yake.

Entebbe ya pili

Sinema za Entebbe za mwaka 1976 na 1977 zinamalizika kwa ndege kuruka salama. Maisha hayakuishia hapo. Dora Bloch, mama wa umri wa zaidi ya miaka 70 aliyekuwa amelazwa Hospitali ya Mulago wakati wa uvamizi, alichukuliwa na kuuawa na watu wa Amin. Kwa kuwa ndege za Israel ziliongezewa mafuta Nairobi, hasira za Amin ziliwageukia Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, na wengi waliuawa. Mabaki ya Bi. Bloch yalipatikana mwaka 1979, nje ya Kampala karibu na shamba la miwa, baada ya utawala wa Amin kuangushwa.

Waliouangusha hawakuwa makomandoo wa saa moja na nusu. Walikuwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda, waliosonga kwa miguu kutoka Kagera kwa miezi kadhaa. Aprili 7, 1979 waliuteka Entebbe kutoka kwa askari wa Amin na wa Libya waliokuja kumsaidia, na Aprili 11 wakaingia Kampala. Uwanja uleule wa ndege ulitekwa mara mbili ndani ya miaka mitatu.

Mara ya kwanza ilizaa sinema tatu kwa kipindi kisichofikia mwaka mmoja na nusu, zikiwa na majina makubwa ya Hollywood na Ulaya. Kwa mara ya pili, hakuna hata moja kati ya sinema zilizotajwa katika makala haya iliyomfanya askari wa Tanzania kuwa mhusika mkuu. Mkulima wa Njombe, Rungwe au Mufindi aliyekwenda huko na kurudi na kovu anabaki katika simulizi za nyumbani.

Wala hakuwa na nafasi ya kuyaona yaliyotengenezwa. Victory at Entebbe ilikuwa kazi ya televisheni, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Yaliyojiri Entebbe yalifika Mbeya na Iringa kupitia Radio Tanzania na magazeti.

Urithi wa Cambridge

Cambridge alizikwa Los Angeles. Sinema yake ya mwisho kuonekana ni Scott Joplin, iliyotoka mwaka 1977 akiwa kaburini. Anayetaka kumfahamu aanze na Cotton Comes to Harlem na Watermelon Man, ambazo ndizo zinazoonyesha kipaji chake kikiwa kizima. Katika Victory at Entebbe, iliyomgharimu uhai, anayeonekana akiwa Amin ni Julius Harris.

Amin aliyekimbia Kampala mwaka 1979 alipata hifadhi Libya na hatimaye Saudi Arabia. Alifariki Agosti 16, 2003 mjini Jeddah, miaka 26 na miezi minane baada ya mchekeshaji ambaye alidai kuwa Mungu amemwadhibu.

KWA UFUPI

Jina la sinema: Victory at Entebbe
Ilionyeshwa mara ya kwanza: Desemba 13, 1976, televisheni ya ABC, Marekani
Mwongozaji: Marvin Chomsky
Mtayarishaji: David Wolper
Aliyechaguliwa kuigiza Amin: Godfrey Cambridge (1933-1976)
Aliyemrithi: Julius Harris
Sinema nyingine za tukio hilo: Raid on Entebbe (1977), Operation Thunderbolt (1977), 7 Days in Entebbe (2018)